Karatasi Mlangoni

Uchaguzi wa Rais ni jambo kubwa, lakini hufanyika mahali padogo. Watu hutazama majukwaa, magari yenye vipaza sauti na picha zilizobandikwa ukutani, wakadhani kwamba uchaguzi u huko. Mimi ni mkazi wa Kiandutu, na nimepiga kura mara nyingi katika darasa la shule. Nimeona kwamba uchaguzi hasa huanza kelele zinapokoma, masanduku yanapofunguliwa, na kura zinapohesabiwa moja moja mbele ya macho ya watu. Pale ndipo amani ya nchi hujengwa au hubomolewa.

Kiandutu ni mtaa wa watu maskini katika mji wa Thika. Jina lake lina asili katika neno la Kikuyu lenye maana ya funza, mdudu asumbuaye miguu. Wakazi wake wametoka pande nyingi za Kenya kufuata kazi za viwandani, za mashamba ya mananasi, za ujenzi na za uchuuzi. Nyumba nyingi ni za mabati, na aghalabu bati moja hutosha kuwa ukuta wa nyumba mbili. Ukikohoa usiku, jirani husema pole. Katika mahali kama hapa mtu hana siri ya njaa wala ya shibe. Kura yake ni siri kwa sheria, lakini majirani huikisia kwa jina lake, hata kama hakumwambia mtu. Hapo ndipo hatari huanzia.

Tarehe 27 Desemba, 2007, Wakenya walipiga kura kwa utulivu. Siku tatu baadaye ilitangazwa kwamba Mwai Kibaki alipata kura 4,584,721, na Raila Odinga kura 4,352,993. Tofauti ilikuwa kura 231,728. Kibaki aliapishwa jioni ile ile. Upande wa pili ulikataa matokeo, ukakataa pia kwenda mahakamani, kwa kuwa haukuwa na imani na mahakama. Basi shauri likakosa pa kusemwa, na shauri lililokosa pa kusemwa likaingia njiani na mapanga. Katika muda wa miezi miwili watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Hata Uganda na Rwanda mafuta yaliadimika, maana njia itokayo Mombasa ilizibwa.

Wakati ule ukuta wangu wa bati ulikuwa pia ukuta wa fundi viatu mmoja, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, aliyekaa na mkewe na watoto watatu. Tulikuwa tukikopeshana chumvi na makaa. Katika juma la kwanza la Januari, 2008, alibisha hodi kabla ya alfajiri. Hakuna jirani aliyemtisha. Lakini alikuwa amesikiliza redio usiku kucha, akaogopa kulipizwa kisasi cha mambo ambayo hakuyatenda. Alinipa ufunguo, akasema, "Mama, nitunzie nyundo na sindano zangu." Nikamjibu, "Nenda salama, baba. Utazikuta." Kwa karibu miezi mitatu nilisikia ukimya upande wa pili wa bati, nikajua kwamba ukimya nao una uzito.

Alirudi mwezi wa Aprili, akakuta vyombo vyake vyote. Lakini alirudi peke yake. Mkewe aliapa kwamba hatalala tena mahali ambapo jina la mtoto linaweza kumponza. Watoto watatu walioanza shule Thika walikulia mbali na baba yao, wakimwona sikukuu hata sikukuu. Hasara ya namna hii haimo katika hesabu ya waliokufa, lakini ni hasara.

Tarehe 28 Februari, 2008, Kibaki na Odinga walitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika serikali, msuluhishi akiwa Kofi Annan. Mwaka ule ule tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi, ikaona kwamba kasoro zilizidi kiasi, hata haikuwezekana kujua kwa hakika ni nani aliyeshinda. Msomaji, yapime maneno hayo. Watu waliuana kwa ajili ya jibu ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha. Kura zilihesabiwa vituoni, lakini kati ya kituo na Nairobi hesabu zilipita katika mikono ambayo mwananchi hakuweza kuifuata.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti, 2010, ilitaka uchaguzi uwe rahisi, sahihi, wa wazi, na wenye kuweza kuthibitishwa. Kura huhesabiwa na kutangazwa kituoni, huandikwa katika fomu iitwayo 34A, na nakala yake hubandikwa mlangoni ili kila mpita njia aisome. Asiyeridhika ana siku 7 za kushtaki, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Tarehe 1 Septemba, 2017, mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa Rais, na sababu mojawapo ilikuwa dosari katika upelekaji wa matokeo. Mwaka 2020 mahakama ya Malawi nayo ilifuta uchaguzi wa nchi yake. Lakini sheria si hirizi: mwaka ule wa 2017 pia watu waliuawa kwetu Kenya, na waliokufa hawakufufuliwa na hukumu.

Ulipofika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, 2022, fundi viatu nami tulikwenda pamoja kuisoma karatasi mlangoni. Hatukumchagua mtu mmoja, na kila mmoja wetu alijua hivyo. Yeye alisoma hesabu kwa sauti, mimi nikaziandika katika daftari. Baadaye Tume ya Uchaguzi iliweka picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 katika intaneti. Kijana wa ploti yetu akaifungua ya kituo chetu kwa simu yake, tukailinganisha na daftari. Hesabu zilikuwa zile zile. Tuliendelea kubishana juu ya viongozi wetu, lakini juu ya darasa lile hatukuwa na la kubishania.

Tarehe 15 Agosti ilitangazwa kwamba William Ruto alipata kura 7,176,141, na Odinga 6,942,930. Makamishna wanne kati ya saba wa tume waliyakana matokeo hayo, na mioyo yetu ikaruka. Shauri lilipelekwa mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliyathibitisha matokeo. Odinga alisema kwamba hakubaliani na hukumu, lakini anaiheshimu.

Sasa toa hesabu. Tofauti ya mwaka 2022 ilikuwa kura 233,211, na ile ya mwaka 2007 ilikuwa 231,728. Tofauti hizi mbili zimepitana kwa kura zisizofika 1,500. Wakenya hawakugeuka malaika katika miaka hiyo 15. Lakini safari hii shauri lilikuwa na pa kusemwa, na hesabu ilikuwa na pa kuonwa.

Kila uchaguzi unapokaribia twahubiriwa amani, na ni vema. Hata hivyo, amani isiyo na ukweli ni utulivu wa mtu aliyezibwa kinywa. Siku akipata nafasi atapiga kelele. Nanyi vijana mtakaotimiza miaka 18, msiridhike na wino kidoleni. Ngojeni hesabu, isomeni karatasi, iandikeni, kisha semeni mliyoyaona, yawapendeze au yawachukize.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kibaki alifariki mwaka 2022, na Odinga mwaka 2025. Wote wawili walizikwa kwa heshima kubwa ya taifa. Nyasi bado zipo Kiandutu, zimepandana bati kwa bati, zikikopeshana chumvi. Rais huchaguliwa kwa miaka 5. Jirani hana kipindi.