Mwenye Ndege Si Mwenye Amri

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi tumelelewa na barabara. Mimi nilianza na lori la kubeba saruji kutoka Kasumbalesa, mji wa mpakani, na katika kazi ile patroni, yaani mwenye mali, akisema twende, dereva anawasha gari. Matope, daraja bovu, foleni ya mpakani, hayo yote yatajadiliwa njiani. Na mazoea hayo ndiyo niliyopanda nayo ndege. Yalinitoka polepole, tangu ndege ya propela hadi jeti ninayoirusha sasa, na kutoka kwake kumenibadilisha kuliko leseni yenyewe.

Asiyeijua nchi yetu huuliza kwa nini mtu ajirushe mwenyewe badala ya kukata tiketi. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,550 kwa mstari ulionyooka. Reli inaishia Ilebo, halafu ni mto. Barabara unaweza kuimaliza kwa wiki kadhaa, mvua ikikuhurumia. Air Zaïre, iliyokuwa ikiiunganisha nchi, ilikufa 1995. Mashirika yaliyofuata yalikuja na kuondoka, na tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyapiga marufuku mashirika ya Kongo katika anga lake. Wakati huohuo sheria ya madini ya 2002 ilikuwa imefungua milango: wageni wakamiminika, mikutano ikawa asubuhi Kolwezi na jioni Lusaka. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mikoa minne, na ofisi nilizokuwa nikizifikia kwa miguu hapa mjini zikahamia Kolwezi, makao makuu ya Lualaba. Wakati huo tayari nilikuwa nimejifunza kurusha ndege ya injini moja.

Ile ndege niliipenda sana. Ilikwenda kama kilomita 250 kwa saa, chini kiasi cha kuyaona mabonde ya Lufira, maji ya Tshangalele na ukingo wa Kundelungu. Kwa mwendo ule rubani ana nafasi ya kufikiri angani. Ukiona mvua mbele, unazunguka. Ukichelewa kuamua, dakika moja haikudhuru. Tofauti na lori haikuwa kubwa, na moyo wa patroni ulibaki mahali pake.

Kilichonisukuma kwenye jeti ni mafuta. Injini za pistoni, kama ile yangu, mara nyingi hunywa petroli maalumu ya ndege, na petroli hiyo kwetu ni adimu: inaagizwa mbali, inakuja kwa mapipa, bei yake haishikiki. Mafuta ya jeti, Jet A-1, yanapatikana Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa sababu ndege za abiria na za mizigo zinayahitaji. Hata wamisionari wanaohudumia vijiji vyetu walikwenda njia hiyo, wakaacha ndege zao za pistoni na kuchukua Caravan na Kodiak zenye injini za tabini, zinazotumia mafuta hayo ya jeti. Mimi nilichagua Cessna Citation Mustang, jeti ndogo ya injini mbili iliyoidhinishwa 2006 kurushwa na rubani mmoja. Inapanda hadi futi 41,000 na kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa.

Mafunzo yalikuwa Johannesburg, ndani ya simuleta. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja mtulivu, rubani wa miaka mingi. Alianza na barakoa ya oksijeni. Kabini ikipoteza hewa kwenye futi 40,000, mtu hubaki na akili timamu kwa sekunde 15 hadi 20. Barakoa inapaswa kukaa usoni ndani ya sekunde 5, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kwenye usukani. Tuliirudia mpaka mkono ukawa unaijua njia bila kuuliza kichwa.

Kisha akanifundisha kasi ya uamuzi. Kila mara jeti inapokimbia kuruka, kuna kasi iliyohesabiwa mapema: injini ikifa kabla yake, unasimama, ikifa baada yake, unaruka na injini iliyobaki, kwa sababu njia iliyosalia mbele huenda isitoshe kusimama. Akaniambia, "Usije ukafikiri unaamua pale kwenye njia. Uamuzi uliupitisha mezani, ndege ikiwa imesimama. Pale unatekeleza tu." Maneno hayo yaliniingia. Miaka yote niliamini kwamba ukubwa wa patroni ni kukata shauri papo hapo, shida inapomkabili. Kwenye jeti anayengoja shida ndipo akate shauri amekwisha kuchelewa.

Niliporudi nyumbani, meza ikawa sehemu kubwa ya kazi. Luano iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto linafika nyuzi 32, na hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja umepanda hadi zaidi ya futi 7,300. Injini zinapungukiwa nguvu, mabawa yanashika kidogo, ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinua pua. Njia ya Luano ina urefu wa kilomita 3 na kitu, kwa hiyo inasamehe. Viwanja vingi vya nchi hii havisamehe. Hapa Katanga hatujasahau Februari 12, 2012, siku jeti ya Gulfstream ilipopitiliza mwisho wa njia ya Kavumu, Bukavu, akafa Augustin Katumba Mwanke, gavana wetu wa zamani, pamoja na marubani wote wawili.

Uzito ulinifundisha ugumu wa aina nyingine. Mustang ina viti sita, lakini matangi ya mafuta yakijaa, inabaki nafasi isiyofika kilo 300, rubani akiwemo. Kwetu mtu mwenye ndege ana ndugu wengi. Mjomba anakuja Luano na mfuko wa unga wa mahindi kwa ajili ya watoto wake walioko Kinshasa, na samaki wakavu, na mchungaji anayeomba lifti. Niliweka mizani pale hanga, kila mtu akapanda na mzigo wake, mimi wa kwanza. Nilimwambia, "Mjomba, unga utakwenda kesho na ndege ya mizigo, nauli nalipa mimi." Alinuna. Kwa mila zetu mpwa hamkatalii mjombake hadharani, na kauli ile ilinigharimu kuliko hesabu yoyote ya Johannesburg. Leo yeye mwenyewe ndiye anayewaelekeza wengine kwenye mizani.

Halafu kampuni ya bima ikanitaka nirushe kwanza nikiwa na rubani mzoefu pembeni. Nilimchukua mzee mmoja aliyezeekea kwenye ndege za mizigo za Kalemie na Mbuji-Mayi. Wote tunamwita Komanda. Yeye ndiye aliyenifundisha masafa ya redio 126.9, ambako kila rubani hutangaza mahali alipo, kimo cha ndege yake na anakoelekea, ili wanaokaribiana wapishane salama, maana anga letu ni pana na mnara hausikiki kila mahali.

Mwezi wa kumi na mbili mmoja nilikuwa na mkataba wa kusaini Kinshasa. Asubuhi anga la Luano lilikuwa safi. Komanda alitandaza picha za setilaiti mezani, akaweka kidole juu ya Kasai, akakisogeza hadi mtoni. Mawingu ya radi ya bonde la Kongo vilele vyake hupita futi 41,000, kwa hiyo hayarukwi kwa juu. Ndjili, uwanja wa Kinshasa, ikifungwa, kwenye karatasi kuna Brazzaville, ng'ambo ya mto tu. Lakini radi inayoifunika Ndjili mara nyingi imeifunika na Maya-Maya, uwanja wa Brazzaville, pia. Uwanja mwingine unataka mafuta zaidi, na jeti inayolazimishwa kushuka chini inayamaliza haraka. Akasema, "Patroni, leo hapana. Tutaenda kesho asubuhi." Nilipiga simu Kinshasa, tukasogeza mkutano. Mkataba ulisainiwa kesho yake mchana.

Siku hiyo nilielewa kwamba ndani ya ndege yangu kuna watu wawili wanaotumia jina langu. Mmoja ana miadi, ana deni benki, ana watu wanaomngoja. Mwingine ana karatasi ya hesabu. Wa kwanza ndiye anayenunua mafuta, na ndiyo sababu asipewe neno la mwisho. Bima ilikwisha kuniruhusu kuruka peke yangu, nami bado naruka na Komanda kila safari ndefu. Tuna kanuni iliyoandikwa ukutani: yeyote kati yetu akisema hapana, hatuondoki, na haulizwi mara mbili. Mkutano wa Kinshasa haupangwi siku ileile ya kuwasili. Kila mwaka narudi simuleta kupimwa upya. Na madereva wangu wa malori nao sasa wana haki hiyohiyo: dereva akikataa kutoka usiku au kwa breki anazozitilia shaka, mshahara wake haukatwi.

Vijana wetu waliotajirika kwa shaba na kobalti huja kuniuliza bei ya jeti. Nawatajia, pamoja na gharama ya mafundi, bima na mafunzo, kwa sababu ni haki yao kujua. Lakini nawaambia waanze na jambo jingine: mtafuteni kwanza mtu atakayethubutu kuwaambia hapana, mlipeni mshahara mzuri, ndipo mnunue ndege.