Joto la Kompyuta Yetu na Wajibu wa Kuthibitisha

 

Wanafunzi wetu wapenzi, wengi wenu mmetuuliza kwa nini kompyuta ya madrasa ilifungiwa ofisini wiki mbili bila ya kutumika. Tumeona ni vyema tukujibuni katika kurasa hizi, kwani ndani yake mna faida ya elimu na faida ya dini.

Kompyuta ile ni wakfu. Tulipewa ikiwa imekwishatumika, na prosesa yake ni Intel Core 2 Quad Q6600, aina iliyoingia sokoni mwaka 2007. Ni ya zamani, lakini kwa kuchapa mitihani na kuweka daftari la wanafunzi inatosha. Ilipoanza kuwa nzito na kujizima nyakati za adhuhuri, fundi mmoja alikuja asubuhi, akaipa kazi kubwa, akatuonyesha joto lake kwa programu. Prosesa hii ina viini 4, yaani sehemu nne ambazo kila moja hufanya hesabu zake. Viwili vilisoma nyuzi 61 na 63, viwili vyengine nyuzi 84 na 82. Akasema, "Prosesa imekufa nusu, nunueni kompyuta nyengine."

Kununua nyengine maana yake ni kuwarudia wazazi, ambao ndio kwanza wamemaliza mchango wa kuezeka paa. Na mali ya wakfu haitupwi kwa dhana. Tukaomba muda tusome kwanza.

Tulilolikuta ni hili. Kila kiini kina kipimajoto chake kidogo. Kipimo hicho hakihesabu joto kuanzia sifuri. Kinahesabu zimebaki nyuzi ngapi kufikia kikomo kilichowekwa kiwandani, kisha programu hutoa idadi hiyo katika kikomo. Kimewekwa kuilinda prosesa isiungue, kwa hiyo usahihi wake ni mkubwa karibu na kikomo, na kompyuta ikiwa imepumzika huweza kukosea nyuzi kadhaa. Tena viini havipewi kazi sawa kila wakati: kimoja huweza kuhangaika na vyengine vimetulia. Kwa sababu hizo, tofauti ya nyuzi 5, na pengine hata 10, si ugonjwa.

Lakini nyuzi 20, viini vyote vikiwa kazini, ni jambo la kutafutiwa sababu. Q6600 kwa hakika ni chipu mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu chini ya kifuniko kimoja cha chuma, kila chipu na viini 2. Viini vyetu vya moto vilikuwa ni vya chipu moja, yaani vya upande mmoja. Basi tukajiuliza: je, kile chuma chenye mapezi na feni, kinachokaa juu ya prosesa ili kuipooza, kimekaa sawasawa pande zote?

Alkhamisi baada ya darsa tulichomoa waya wa umeme tukafungua. Chuma hicho hushikwa na pini 4 za plastiki, na moja ilikuwa haikujifunga, imejiinua. Upande huo, ile dawa ya kupitishia joto ambayo mafundi huiita pesti ilikuwa imekauka kama chokaa. Tukafuta kwa spiriti, tukaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, tukabana pini kwa kukingamisha, pembe hii kisha ile inayoikabili. Tulipoipa kazi ile ile, ikasoma 62, 63, 66 na 65. Tofauti ndogo iliyobaki tumeiacha, kwani hiyo ni ya kawaida.

Hata kule kujizima tukakufahamu. Adhuhuri chumba kinapopata joto, viini vile viwili vilikuwa vikikaribia kikomo. Prosesa ikifika hapo hujipunguzia kasi, na joto likizidi hujizima kujiokoa.

Wanafunzi wetu, nambari alizotuonyesha fundi zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni kuuliza: Je, vyote vilikuwa na kazi sawa? Je, tofauti iko upande mmoja? Je, kipo kitu chepesi cha kukagua kabla ya kukata shauri? Dini yetu imetuamrisha kuthibitisha khabari kabla ya kuhukumu, na amri hiyo haikuishia kwenye maneno ya watu. Mkimuona mwenzenu amechelewa kuhifadhi, au amekuja amenuna, msiseme ameharibika. Ulizeni kwanza amebebeshwa nini.

Kompyuta imerudi mahali pake. Tafadhalini msiifungue bila ya mwalimu, wala msiweke vitabu mbele ya matundu yake ya hewa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awalipe kheri waliotoa wakfu huu, na atujaalie kuutunza. Amin.