Barua kutoka Berlin: Jiko la Rize

Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Unauliza kama bado nashindia ule mkate wa nyama wa Waturuki niliokutumia picha yake. Acha nikujibu kwa kirefu, maana nimepata mgahawa, na kila ninapoketi pale nakuwaza wewe na jiko lako la Chumbageni, huko Tanga.

Hapa Berlin ukitaja chakula cha Kituruki, mtu atakuonyesha kibanda cha döner. Nyama imechomekwa kwenye chuma, inazunguka mbele ya moto, inakatwa vipande vyembamba na kushindiliwa ndani ya mkate pamoja na kabichi na mchuzi wa kitunguu saumu. Ni chakula kitamu, na nyuma yake kuna jasho. Ujerumani Magharibi iliwekeana mkataba na Uturuki tarehe 30 Oktoba 1961 ili ipate watu wa viwandani. Uajiri ule uliposimamishwa mwaka 1973, wengi walibaki na kuziita familia zao. Kazi za viwandani zilipopungua, kibanda kikawa riziki. Wengi humtaja marehemu Kadir Nurman, aliyekuwa akiuza karibu na stesheni ya Zoo mwaka 1972, kuwa ndiye aliyeanza kuitia nyama hiyo kwenye mkate ili mtu ale huku anatembea, ingawa wapo wanaobisha. Vyovyote iwavyo, döner ya Berlin ilitengenezwa imfae mteja wa Berlin, mtu mwenye haraka.

Uturuki yenyewe ni pana na haina jiko moja. Gaziantep, kule kusini karibu na Syria, ni nchi ya pistachio na baklava, na baklava yao ililindwa jina na Umoja wa Ulaya mwaka 2013. Kayseri wanafunga mantı, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani. Pwani ya Aegean wanapika mboga za porini kwa mafuta ya zeituni. Halafu kuna kaskazini-mashariki, pwani ya Bahari Nyeusi, na huko ndiko moyo wangu ulikokwama.

Mgahawa wenyewe uko Wedding, upande wa kaskazini wa mji, kwenye kichochoro ambacho usingepita bila shughuli. Meza ni chache. Mama anapika, mumewe anahudumia, binti yao anashika pesa na kuzungumza Kijerumani pale wazazi wanapokwama. Wateja wote humwita mama yule teyze, kama vile sisi tungemwita mama mdogo. Wanatoka bonde moja juu ya mji wa Rize. Baba aliuza döner miaka mingi, chakula ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna jiko la bondeni kwao lililokuwa likikipika. Mgongo ulipomchosha kusimama mbele ya moto, familia ilikaa ikaamua: tukifungua tena, tutapika kama tunavyokula. Mjerumani akiingia kuulizia döner, binti anamwelekeza kwa adabu kibanda cha jirani. Uamuzi huo nauheshimu sana, Shangazi. Kodi ya nyumba katika mji huu haimsubiri mtu, na döner inauzika yenyewe.

Bakuli la kwanza waliloniwekea lilikuwa supu ya karalahana. Majani yale niliyatambua kwa macho kabla ya ulimi: mapana, ya kijani kilichokolea, yenye mshipa mnene katikati. Ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Wataalamu wa mimea wanayaweka yote katika jamii moja ya kabichi isiyofunga kichwa. Teyze anayakatakata, anayachemsha pamoja na maharage, anatia mahindi yaliyoparazwa ili supu iwe nzito, kisha anamalizia kwa siagi iliyokaangwa na pilipili. Pembeni palikuwa na kipande cha mkate wa mahindi, wa njano, mzito, usio na hamira, uliookwa kwenye sinia la chuma.

Najua umekunja uso uliposikia mahindi ya njano. Mlionusurika na unga wa yanga, ule wa msaada wa Marekani katika miaka ya njaa, hamwezi kuyasikia bila kukumbuka foleni. Lakini yale yalikuwa mahindi ya meli na maghala. Haya ya Rize husagwa kwa mawe, na milimani kwao bado kuna vinu vinavyozungushwa na maji ya mto. Mkate unanukia nafaka mpya. Ukiuchovya kwenye supu haumeguki.

Sababu ya mahindi hayo ni mvua. Rize hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na milima inaanza kupanda hatua chache tu kutoka ufukweni. Ngano haipendi unyevu wa namna hiyo, wala hakuna tambarare ya kuilimia. Mahindi yalipofika kutoka Amerika, kama yalivyotufikia na sisi, watu wa miteremko ile waliyapokea wakayafanya mkate, supu na chakula cha asubuhi. Mkulima wa Lushoto angewaelewa bila mkalimani.

Hicho chakula cha asubuhi, mıhlama, ndicho nitakachokieleza kwa makini, kwa sababu teyze aliniruhusu kusimama mlangoni mwa jiko nikatazama. Anaweka siagi kwenye kikaango cha shaba, nyingi kuliko ambavyo wewe ungeruhusu. Inayeyuka, inatoa povu, povu linatulia. Anamwaga unga wa mahindi humo na kuukaanga polepole mpaka jiko zima linukie mahindi ya kuchoma. Anaongeza maji ya moto, anakoroga, anaacha. Siagi ikianza kujitenga na kuelea juu, anatia jibini la kwao lenye chumvi kidogo, na hapo mwiko unapumzika. Ukilikorogakoroga, alisema, unalikata. Jibini linayeyuka taratibu. Kikaango kinaletwa mezani hivyo hivyo, kila mtu anamega mkate wake, anachota, anavuta, na nyuzi za jibini zinapanda hadi usawa wa kidevu. Hakuna sahani ya mtu binafsi. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja hatuhitaji kuelekezwa mkono uende wapi. Unabaki upande wako na unamwachia mgeni katikati.

Sasa samaki. Wanaitwa hamsi, na hupatikana majira ya baridi, makundi yanaposogea kwenye pwani ya Uturuki. Ni wa ukoo mmoja na dagaa mchele wanaovuliwa kwetu kwa taa usiku wa giza: wembamba, wenye ubavu wa fedha, wa kuliwa mzima. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika mji wa Trabzon kwenye pwani hiyo karne ya 17, aliandika kwamba samaki hao wakiletwa sokoni walipigiwa baragumu, na watu waliacha shughuli zao wakakimbilia kununua. Mapenzi hayo hayajapoa. Kuanzia Novemba mgahawa hujaa watu wa Trabzon, Rize na Artvin, na baba anapita kati ya meza akitangaza kama hamsi wa leo ni wanono au la. Wanapikwa na wali kwa namna ya ajabu: samaki waliotolewa miiba wanapangwa kuzunguka sufuria chini na pembeni, wali wenye viungo unajazwa katikati, samaki wengine wanaufunika juu, kisha vyote vinaokwa. Kikipinduliwa kinatoka kama kasha la fedha.

Chai inafuata kila chakula, ya rangi, bila maziwa, kwenye vigilasi vidogo vilivyobana kiunoni. Inalimwa Rize kwao, ambako kiwanda cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1947. Nilimweleza baba kwamba nyuma ya mji wetu kuna milima ya Usambara yenye mvua na mashamba ya chai, na kwamba ni Wajerumani walioipanda Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Alimwita mkewe kutoka jikoni aje asikie.

Nikirudi nyumbani usiku huwa nawaza habari yetu sisi. Waafrika hapa Berlin tumefungua migahawa pia, na mingi nimekula na kushiba. Lakini ubao wa mlangoni unaandika Afrika, na sahani moja inabeba wali wa Senegal, ndizi za kukaanga za Ghana na sambusa. Kila mtu anapata kidogo cha asiyemjua. Naelewa hofu iliyopo nyuma yake: ukiandika Tanga, nani ataingia? Lakini familia hii imeandika Rize, mji ambao Wajerumani wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani, na jioni za Ijumaa watu wanasimama nje kwenye baridi wakingoja meza. Nataka kuuona mlango ulioandikwa Tanga katika mji huu. Ndani yake kuwe na bada na mchuzi wa papa, kisamvu cha nazi kilichotwangwa kweli, mkate wa kumimina, na mpishi ambaye hatamwomba mtu radhi kwa kukosa chipsi. Wa Bukoba naye afungue wake, awapikie watu ndizi na kuwakaangia senene msimu ukifika. Hao watu wa Rize wamenithibitishia kwamba anayeijua ladha ya bonde lake atafuatwa hata na wasiolijua bonde.

Teyze nimemsimulia habari zako. Ametuma maelekezo, na amesisitiza nisiyafupishe. Asubuhi moja nenda soko la samaki la Deep Sea mapema, uchukue dagaa wabichi, wale wakubwa kidogo. Wakate vichwa, watoe matumbo, waoshe na uwaache wachuje maji kabisa. Changanya chumvi na unga wa mahindi usiokobolewa, uwagaragaze humo, ukung'ute unga uliozidi. Paka mafuta kikaango bapa, wapange duara, mikia ikutane katikati, wabanane pasiwe na nafasi. Moto wa wastani. Usiwaguse mpaka wa chini wawe kahawia na washikamane kama chapati. Ndipo ufunike kwa sahani, ugeuze kwa mpigo mmoja, uwatelezeshe tena kikaangoni upande wa pili. Mezani weka kitunguu kibichi na ndimu. Anasema mara ya kwanza watu wengi huogopa kugeuza, kwa hiyo mwite mtu mwenye mkono thabiti akushikie sahani. Nitumie picha nimwonyeshe, hata kama dagaa wameachana.