Bloku 31, Salio Sifuri

Saa moja na nusu jioni, umeme umekatika tangu mchana, mimi nimekaa kwenye ngazi za maktaba na simu yenye chaji asilimia 19. Kwenye kioo kuna tarakimu moja tu: sifuri. Kwa wiki mbili laptopu yangu ilikuwa inachimba Monero usiku kucha kule geto, na kwa hesabu zangu pale palitakiwa kuonekana 18 na ushei. Bei niliyoiona mtandaoni siku ile ilizidi dola 150 kwa moja. Zidisheni wenyewe, ni zaidi ya shilingi milioni saba. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, Hisabati, na boom lilikuwa limeshakata zamani.

Kwa asiyejua: Monero ni sarafu ya kidijitali kama Bitcoin, ila Bitcoin siku hizi inachimbwa na mashine maalumu zinazonguruma kama jenereta, wakati Monero tangu Novemba 2019 inatumia utaratibu unaoitwa RandomX, uliotengenezwa makusudi ili kompyuta ya kawaida nayo ipate nafasi. Kila dakika mbili hivi, mtu mmoja duniani anapata bloku. Zawadi ya bloku ni Monero 0.6 na vijisenti vya ada juu yake, na imesimama hapo tangu Juni 2022. Wachimbaji wengi wanajiunga kwenye makundi, kinachopatikana wanagawana kidogo kidogo. Ukichimba peke yako, bloku ikikuangukia ni yako yote, isipokuangukia unalala njaa. Mimi nikachagua peke yangu. Sababu ni tamaa, sina neno jingine la kupamba.

RandomX inataka kumbukumbu inayozidi GB 2 kwa kazi yake tu, na laptopu yangu ilikuwa na GB 4 zinazogombaniwa na kila kitu. Nikakopa 60,000 kwa mwenzangu wa geto, tunamwita Mkuu kwa sababu tangu mwaka wa kwanza anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua vyoo. Alizitoa kwenye sanduku lake la bati lisilo na kufuli, akazihesabu mara mbili, akanipa. Hakuuliza za nini. Aliuliza baadaye, LUKU ilipoanza kuisha katikati ya wiki, nikamwonyesha. Kila bloku ilipopatikana, neno la kijani la kwamba imekubaliwa lilitokea kwenye kioo, naye akawa anaangalia kama mpira.

Maelekezo nilipewa na jamaa mmoja, amri zimeshaandikwa zote, kazi yangu kunakili tu. Nikadesa neno kwa neno, kama asaimenti ya saa tano na nusu usiku. Mwishoni mwa amri ya kuwasha nodi kulikuwa na neno --testnet. Nililiona. Sikuuliza.

Wiki ile ya kwanza nilijiona fundi, maana matatizo madogo yalikuja na nikayatatua. Bloku ya kwanza ilipoingia, pochi ilionyesha salio lakini ikasema haliwezi kutumika. Nikahangaika nusu saa kabla ya kujifunza kwamba zawadi ya uchimbaji hufungwa mpaka zipite bloku 60, yaani kama saa mbili, ndipo inaachiwa. Halafu kwenye kioo nikahesabu bloku 33 zilizokubaliwa, pochini zipo 31. Hapo nikajifunza jambo jingine: wachimbaji wawili wanaweza kupata bloku karibu wakati mmoja, mtandao ukaendelea na mmoja, ya mwingine ikatupwa na zawadi yake ikafa nayo. Mbili zangu zilikufa hivyo. Niliumia kweli. Nilimsimulia Mkuu kwa uchungu kama nimefiwa na ng'ombe.

Kosa kubwa nililifanya kwa simu, tena kwa kujiamini. Mama yangu alikuwa achukue mkopo VICOBA Jumamosi ile kwa ajili ya godoro, ndoo, sare na michango ya mdogo wangu aliyepangiwa kidato cha tano. Nikampigia nikamwambia, "Mama, usikope, mimi nitatuma." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya baba, Mungu akuzidishie." Zamu yake ya kukopa ikaenda kwa mwanachama mwingine.

Sasa rudi kwenye ngazi za maktaba. Nilikuwa nimepata mtu wa kuninunulia, nikataka hela ikae kwenye simu. Pochi ya Monero unairudisha popote kwa maneno 25, hayo maneno ndiyo funguo, na mwenye nayo ndiye mwenye mali. Yangu nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya kitabu cha Kalkulasi, na asubuhi ile nikaibeba. Nikayaingiza moja moja. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaleta sifuri. Anayejua karatasi ilipokuwa ni mimi na mtu mmoja tu.

Nilitembea mpaka geto bila kuhisi miguu. Mkuu alikuwa anasonga ugali kwa mwanga wa tochi ya simu.

"Mkuu, ile karatasi yangu uliigusa?"

"Ipi?"

"Yenye maneno 25."

"Si ulisema nisiiguse?"

"Hela imeondoka. Tunaojua ni wawili."

Akazima jiko. Nilitegemea apige kelele, na nadhani nilikuwa nataka apige kelele. Akavuta sanduku lake mpaka miguuni pangu, akafungua mfuniko, akasema, "Mwanangu, pekua."

Nikapekua. Nimeiandika sentensi hii mara tatu na kuifuta, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitoa mashati yake, bahasha ya vyeti, kanga ya mama yake aliyopewa alipokuja chuo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Hela ya aina ile haikai sandukuni, hata mimi nilijua. Nilipomaliza akarudisha vitu vyake kimoja kimoja, akaenda kulala kwa jamaa wa chumba cha pili. Ugali ulibaki sufuriani, haujaiva.

Umeme ulirudi alfajiri. Betri ya laptopu yangu ilikufa siku nyingi, bila waya haiwaki, ndiyo maana jana yake sikuiangalia. Nikaiwasha, nikafungua pochi. Salio: 18 na ushei. Lote.

Hapo ndipo utafutaji wa kweli ulianza, saa kumi na mbili kumi na mbili hivi za kuchelewa. Kwanza nikadhani simu ilisoma nusu. Ukirudisha pochi, programu inakuuliza ianzie kusoma bloku za tarehe gani. Ukiiambia ianzie leo, zawadi za wiki iliyopita haitaziona kabisa, wakati zipo. Nikarudisha nyuma mwezi mzima, nikaiacha isome upya. Sifuri. Nikadhani simu imeunganishwa na nodi mbovu, nikabadilisha nodi. Sifuri. Nikadhani nimekosea neno moja kati ya yale 25, lakini neno la mwisho kazi yake ni kuhakiki mengine. Ukikosea, kwa kawaida programu inakataa palepale. Haikukataa.

Nikiwa nimekata tamaa nikafungua orodha ya miamala kwenye simu. Tupu. Hapakuwa na kutoka, wala hapakuwa na kuingia. Mwizi akichukua hela, kwenye pochi kunabaki alama ya kuingia na alama ya kutoka. Pochi ambayo haijawahi kupokea kitu haijaibiwa. Hilo lilikuwa kwenye kioo tangu jana yake jioni, bonyezo moja tu kutoka kwenye ile sifuri, na mimi nilikuwa na akili ya kutosha kulielewa, ila nilikuwa nimeshamaliza kesi kichwani. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilimwandikia mwanafunzi wa kidato cha pili kwa kalamu nyekundu: "Umeanzia kwenye jibu." Alama nilimpa mbili kati ya kumi.

Basi nikaweka simu na laptopu ubavu kwa ubavu, nikalinganisha anwani za pochi mbili zilizotoka kwenye maneno yaleyale. Herufi 95 kila moja. Za katikati zilifanana kabisa, herufi kwa herufi. Mwanzo na mwisho tofauti. Ya simu inaanza na 4, ya laptopu inaanza na 9. Na kumbe kila nilipofungua pochi kwenye laptopu, programu ilikuwa inaniandikia herufi za kwanza za anwani, hiyo 9 mbele, wiki mbili nzima.

Anwani kuu ya Monero kwenye mtandao halisi huanza na 4. Inayoanza na 9 au A ni ya mtandao wa majaribio, uwanja ambao watengenezaji wa programu huutumia kujaribia mambo yao bila kuhatarisha mali ya mtu. Una bloku zake, wachimbaji wake, zawadi zake, kufungwa kwa bloku 60 kulekule, bloku zinazotupwa kulekule. Kila kitu ni cha kweli isipokuwa thamani. Neno --testnet ndilo lililonipeleka huko, na sikuibiwa hata senti kwa sababu sikuwahi kuwa na senti.

Dalili zilikuwa nyingi mpaka inachekesha. Nakala kamili ya mnyororo halisi inazidi GB 200. Yangu niliishusha kwa mabando ya usiku na diski haikujaa. Mlango ambao programu ya kuchimba ilikuwa inaongea na nodi uliandikwa 28081, na wa mtandao halisi kwa kawaida ni 18081. Kubwa kuliko zote, laptopu ya mtumba kupata bloku 33 kwa wiki mbili. Siku ile nilipiga hesabu ambayo ningetakiwa kuipiga kabla ya kukopa. Laptopu yangu inabahatisha kama mara 1,000 kwa sekunde. Mtandao halisi wakati huo ulikuwa unabahatisha kama mara bilioni 3. Kwa hiyo kila bloku, nafasi yangu ni moja kwa milioni tatu. Kwa siku zinatoka bloku 720. Gawanya: kwa wastani ningesubiri siku 4,167, miaka 11 na miezi kadhaa, kupata bloku moja. Tena hiyo siyo foleni kwamba ukikaa muda wako utafika. Hata miaka hiyo ikiisha, uwezekano wa kuwa hujapata hata moja bado ni kama asilimia 37. Hii ni mada ya muhula wa kwanza, na nilipata B+.

(Benki Kuu nayo ilishatoa tangazo la kutahadharisha watu kuhusu sarafu hizi Novemba 2019. Nililisoma baada.)

Nilimkuta Mkuu bombani anafua. Nikamweleza yote, 4 na 9, mtandao wa majaribio, mpaka asilimia 37, haraka haraka kama mtu anayewasilisha semina huku dakika zinaisha. Alisuuza shati, akalikamua, akauliza, "Kwa hiyo haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Na ulipekua."

Nikasema samahani. Akasema, "Poa," lile poa la kufunga mazungumzo.

Mama nilimpigia jioni yake. Sikumweleza habari za bloku, nilimwambia tu imeshindikana. Hakunilaumu, alisema ataongea na mwenyekiti wa kikundi. Mkopo aliupata zamu iliyofuata na mdogo wangu akaripoti shuleni amechelewa wiki mbili, akakuta vitanda vya chini vimeshachukuliwa vyote. Ananiita "mwekezaji" mpaka leo, kwa utani, na mimi nacheka.

Ile kumbukumbu ya laptopu niliiuza 45,000, nikaongezea, nikamlipa Mkuu 60,000 yake yote kabla ya mitihani. Tunaishi geto moja bado. Tunapika zamu, tunasoma pamoja, juzi kanisaidia kubeba godoro. Ila lile sanduku la bati lina kufuli tangu Julai, na funguo anaivaa shingoni.