Kimombo kinataka sikio, si macho!

Kiswahili chetu raha tupu. Ukisema "saa" umemaliza, hakuna kidude cha kutanguliza. Kimombo, lo! Kabla hujataja kitu kimoja inabidi uchague: "a" au "an"?

Wengi wetu tulikaririshwa darasani kwamba "an" inakaa mbele ya a, e, i, o, u, basi. Ukifika kwenye herufi h ndipo kasheshe inapoanza.

Nina rafiki yangu mmoja, tulimaliza naye kidato cha nne. Aliomba kazi ya mapokezi katika ofisi moja hapa mjini, akaandika kwenye barua kuwa yeye ni "an honest girl". Bosi akaizungushia ile "an" kwa kalamu nyekundu, akamwambia mbele za watu arudi shule kwa sababu h si irabu. Dada wa watu alitoka pale machozi yanamtoka na kazi hakupata. Kumbe aliyekuwa sahihi ni yeye!

Jamani, kinachohesabiwa ni sauti, si herufi. "Honest" inatamkwa "onest", ile h ni pambo tu. Ndugu zake ni "hour", "honour" na "heir". Maneno haya Waingereza waliyachukua kwa Wafaransa, na h yake haisikiki. Kwa hiyo ni "an hour". Lakini "house", "horse" na "hospital" h yake inapumua kabisa, kwa hiyo ni "a house", "a horse", "a hospital". Hata ile penseli ya shuleni ni "an HB pencil", maana herufi yenyewe inaitwa "eich", inaanza na sauti ya e.

Na wenye lugha wenyewe hawajakubaliana. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina "an hundred", wakati leo watu wanasema "a hundred". Waingereza wa zamani walisema "an hotel", siku hizi wengi wanasema "a hotel". Mpaka leo wapo wanaoandika "an historic" na wapo wanaoandika "a historic". Jani la kiungo, Mwingereza anasema "a herb" na Mmarekani anaimeza h anasema "an herb". Sasa hapo nani arudi shule?

Nyie wakubwa mnaoajiri, kabla ya kuinua kalamu nyekundu fungueni kwanza kamusi. Herufi moja isimnyime mtoto wa mtu ugali wake. Na wewe mshikaji unayeandika barua leo usiku, ukiambiwa umekosea usikimbilie kufuta. Litamke neno kwa sauti. Sikio likisikia o, simama na "an" yako, hata kama bosi amekunja uso.