Njia ya Porini na Njia ya Forodha

Sisi ndugu wawili, sote walimu, tu wenyeji wa Holili, chini ya mlima Kilimanjaro. Hapo kwetu mpaka wa Tanzania na Kenya umepita katikati ya koo za watu. Ng'ambo ni Taveta, na soko la Taveta ndilo lililotulea, maana karo yetu ya shule ilitoka katika maharage aliyoyauza mama huko.

Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka ulifungwa. Ndipo mama alipojifunza kupita porini usiku. Mwaka 1983 mpaka ukafunguliwa tena, lakini njia ile haikuota majani, kwa kuwa watu waliogopa ushuru.

Baadaye Jumuiya ilizaliwa upya, na umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005. Ikawekwa kanuni kwamba mchuuzi mwenye mazao ya nchi zetu, yasiyozidi thamani ya dola 2,000, apewe cheti chepesi cha uasili pale pale mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Tena mwaka 2016 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha Holili na Taveta. Maofisa wa nchi mbili hukaa nyumba moja, na msafiri husimama mara moja tu.

Hata hivyo, jioni moja tulimkuta mama akimhesabia fedha mvushaji wa magendo. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Wanangu, naogopa ushuru." Kumbe alikuwa akilipa ili kukimbia deni asilodaiwa!

Tuliona haya. Miaka mingi tumewafundisha watoto wa watu kusoma, wala hatukumsomea mama yetu kanuni ile. Juma lililofuata tulifuatana naye mchana kwa njia kuu. Maharage yakakaguliwa, cheti kikaandikwa, naye akaenda zake sokoni. Jioni alituambia, "Leo nimevuka bila kugeuka nyuma."

Basi, ndugu, serikali mbili zaweza kupatana na kujenga nyumba nzuri mpakani, lakini mapatano hayo hayamfai mjane asiyeyajua. Sisi tujuao kusoma tumsomee jirani, nyumbani kwake, sokoni, na baada ya ibada. Aliyewashiwa taa asiifunike, hali mama yake yungali apita gizani.