Mzigo Haushikwi na Fundo

Leo siasa zipumzike. Wanasiasa hawaendi kokote, kesho tutawakuta palepale tulipowaacha. Leo nataka tuzungumze kuhusu mifuko ya baiskeli, hasa ile tunayojishonea wenyewe, na ugonjwa wake mkubwa: kuteleza.

Kwa ambaye hajaingia kwenye mchezo huu, mambo yako hivi. Unachukua shuka, kihema, maji, vifaa vya kuziba pancha na nguo ya kubadilisha, unavifunga kwenye baiskeli na kutoka mjini Jumamosi alfajiri. Unalala huko utakakofika. Keria huna. Mzigo unakaa kwenye mifuko mitatu: mmoja katikati ya fremu, mmoja nyuma chini ya kiti, mmoja mbele kwenye usukani. Wenyewe wanauita baikipakingi. Kuna mashindano yanaitwa Tour Divide, yalianza mwaka 2008, ambapo watu wanapiga pedeli kilomita kama 4,400 kutoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Marekani na Mexico, kila mtu na mzigo wake. Sisi wengine tunaanza na Bagamoyo kwanza, Mungu akitujalia.

Mifuko ya dukani ipo, lakini inatoka ng'ambo. Ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, mfuko unaweza kuishinda bei baiskeli ya mtumba utakayoufunga. Kwa hiyo tunakwenda Kariakoo, tunanunua turubai, mikanda na vibano vya plastiki kama vya mabegi ya shule, tunampelekea fundi mabegi na kipande cha boksi tulichokatia umbo la fremu. Fundi anatuangalia kama tumechanganyikiwa, halafu anashona. Na anashona vizuri. Mshono haujawahi kuwa tatizo.

Tatizo linaanza lami inapoisha. Barabara ya vumbi ina yale mawimbi kama bati, na kila wimbi linaupiga mfuko ngumi ndogo. Baada ya saa moja mfuko wa nyuma umelala upande mmoja kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Wa mbele umeinama unabusu tairi. Unasimama, unakaza, unaondoka. Kilomita mbili mbele unasimama tena.

Ingekuwa ni usumbufu tu nisingeandika. Jamaa yangu mmoja tulikuwa tunateremka naye kutoka Kisarawe kuja Pugu. Mfuko wake wa nyuma uliteleza, ncha ya mkanda ikaning'inia, spoku zikaidaka. Gurudumu lilijifunga hapohapo. Yeye akaenda chini, baiskeli ikaenda upande wake, na daladala iliyokuwa nyuma ilisimama hatua chache tu kutoka kichwani kwake. Alitoka na kiwiko kilichochubuka. Konda alishuka, akamwangalia, akasema, "Kaka, leo umezaliwa upya," akapanda gari wakaondoka. Sentimita ishirini za mkanda wa nailoni, basi.

Tulipokaa chini ya mti kumfunga jeraha, akapita mzee na baiskeli ya mkaa. Unazijua. Magunia yamesimama nyuma mpaka yanampita dereva kichwa, baiskeli imezama kwenye matairi, na mzee anasukuma pale penye mlima. Bodaboda zimewapunguza lakini bado wapo. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kusimama kupumzika. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye magunia. Yule bwana alikuwa ametoka kwenye njia mbaya kuliko tuliyopita sisi, na mzigo wake haukuwa umesogea hata kidogo. Nikatafuta fundo niige linavyofungwa. Hapakuwa na fundo! Magunia yote yalishikwa na vipande vya tyubu vilivyozungushwa na kuvutwa, na ncha imechomekwa chini ya mzunguko wa mwisho.

Nikamuuliza, mzee wangu, haifunguki hii? Akacheka. Akaniambia kamba inachoka, mpira unafuata mzigo.

Maneno hayo yana fizikia nzima ndani yake, kama ulisoma kidato cha pili ukaelewa. Mfuko hauzuiwi na fundo wala bizimu. Unazuiwa na msuguano, na msuguano unategemea mkanda unavyoubana mfuko kwenye bomba. Barabara inapotikisa, vitu vya ndani vinajipanga upya na mfuko unanywea kidogo. Mkanda wa kawaida haujui kama mfuko umenywea, kwa hiyo unabaki na urefu uleule, mbano unapungua, mfuko unaanza kutembea. Nailoni ndiyo balaa zaidi, ikilowa inarefuka. Na vile vibano vya mabegi vinaachia mkanda milimita kwa milimita kila vinapotikiswa. Mpira uliovutwa hauko hivyo. Mfuko ukinywea, mpira unarudi nao, mbano unabaki.

Tangu siku hiyo mifuko yangu naifunga hivi.

Kwanza, tyubu kuukuu. Tyubu ya baiskeli ya kawaida ukiikata kwa urefu inakupa kipande cha karibu mita mbili. Kwa mzigo mzito tafuta tyubu ya pikipiki, ni nene zaidi. Upana wa vidole viwili unatosha, na ukingo uwe laini, kwa sababu mpira unaanza kuchanika pale mkasi ulipoacha jino. Waliochonga manati utotoni hawahitaji kufundishwa hapa.

Pili, usifunge mfuko juu ya chuma kitupu. Zungushia bomba kipande cha tyubu kwanza, kisha mfuko, kisha mkanda. Rangi ya fremu inateleza na turubai linateleza, lakini mpira hautelezi kirahisi. Halafu unakinga rangi yako, maana vumbi likiingia chini ya mkanda linakuwa msasa.

Tatu, zungusha zaidi ya mara moja. Umeona baharia anavyozuia jahazi zima kwa kuizungusha kamba kwenye gogo la gati? Kila mzunguko unazidisha msuguano. Mizunguko mitatu ya mvuto wa wastani inashika kuliko mmoja uliokazwa mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

Nne, sehemu tatu zisizo kwenye mstari mmoja. Mfuko wa nyuma ukiufunga kwenye bomba la kiti peke yake utacheza kama mkia wa mbuzi. Ushike kwenye bomba hilo, kisha kwenye vyuma viwili vilivyo chini ya kiti, kushoto na kulia, mikanda ivute pande zinazopingana. Wa mbele uushike kwenye usukani pande mbili na kwenye shingo ya fremu, na hakikisha haubani waya za breki.

Tano, ndani ya mfuko. Hapa watu wengi hawapaangalii, lakini mfuko uliojaa nusu hauna dawa. Kunja kwa kuviringisha, toa hewa, bana mpaka uwe mgumu kama mto wa sofa mpya. Maji na spana viende katikati ya fremu. Shuka na nguo viende nyuma, na vile vizito kidogo visogee karibu na bomba la kiti.

Sita, ncha zote zichomekwe. Zote! Mfuko wa nyuma nao uwe juu ya tairi kwa upana wa kiganja ukiwa umeshakaa kwenye kiti.

Kisha jaribio. Shika mfuko, utikise kwa nguvu. Mfuko ukicheza peke yake, rudia. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, ondoka. Baada ya kilomita tano simama ukague mara moja, kwa sababu ndani ya muda huo vitu vya ndani vinakuwa vimeshajipanga.

Mpira nao una masharti yake. Jua kali na mafuta vinaula. Ukiuvuta ukaona nyufa ndogondogo, tupa, kata mwingine. Na usiweke uso mbele yake unapouvuta, maana ukikatika unarudi kwa hasira.

Sasa nirudi kwenye kitu kinachonikera. Sisi waandishi tunawajua sana watu wa mkaa. Tunawaandika misitu inapokwisha. Tunawaandika wanapogongwa na lori usiku. Ni habari za kweli na lazima ziandikwe. Lakini ni gazeti gani limewahi kumuuliza mzee yule anawezaje kusimamisha magunia kwenye magurudumu mawili, njia ya mawe, bila kupoteza hata kipande? Vijana wenye digrii tunashinda kwenye intaneti tukitafuta Mzungu wa kutueleza jinsi ya kufunga mfuko wa kilo nne, wakati anayefunga magunia anapita mbele ya geti letu kila asubuhi. Anayebeba madumu manne ya lita ishirini amefunga kilo themanini za maji, na maji hayatulii kama shuka.

Haujaandikwa popote, ndiyo maana tunadhani si ujuzi. Wiki hii ukimkuta mmoja wao amepumzika kivulini, msalimie, mnunulie maji, halafu muulize anavyofunga. Usisahau kuangalia ncha ya mpira inakoishia.